Kofia, Kamera na Kamba

Fundi wetu wa Kibokoni hakuwa amewahi kushika helmeti ya kurukia parachuti. Kazi yake ni helmeti za bodaboda: kioo kilichokwaruzika, mkanda uliokatika, sponji iliyonyonya jasho la abiria wote wa Mombasa. Hii aliyoletewa na kijana wa mtaani ilikuwa nyeusi, nyepesi kama bakuli la plastiki, na juu ya utosi palibandikwa kamera ndogo iliyosimama wima kama kishungi cha jogoo. Kijana alitaka jambo dogo tu. Kamera ilikuwa inacheza, akataka ikazwe.

Fundi hakushika bisibisi. Alivuta droo, akatoa kipande cha mshipi wa kuvulia, akaushika ncha zote mbili kama mtu anayekata sabuni kwa uzi, akaupitisha juu ya helmeti kutoka kisogoni kuja usoni. Ukanasa chini ya kamera. Akaupitisha kutoka kulia kwenda kushoto. Ukanasa tena, safari hii kwenye skrubu.

"Mwanangu, hilo parachuti lako lina kamba?"

"Linazo, ami. Nyingi."

"Basi mimi sikukazii kitu."

Babake fundi alikuwa mvuvi, na mtoto wa mvuvi hafundishwi jinsi uzi unavyotafuta pa kushika. Alichokifanya pale mezani ndicho wanachokifanya warukaji wazoefu kabla hawajaipeleka helmeti mpya hewani: huchukua kipande cha kamba ya parachuti na kukiburuta juu yake kutoka kila upande. Kikinasa, hapo pana kazi. Sisi wengine tunaanzia upande wa pili kabisa. Tunauliza kamera ipi ina picha kali, halafu bei, halafu betri hukaa muda gani, na kitako cha kuishikia tunakikumbuka tukishafungua boksi. Naona huko ni kusimamisha mambo kichwa chini. Swali la kwanza ni kamba, la pili ni shingo, la tatu ni akili ya aliyeivaa. Picha ni swali la nne, na siku hizi ndilo rahisi kuliko yote.

Kwa mtu wa Mombasa mambo haya si ya sinema tena. Ukivuka Likoni kwa feri ukashika barabara ya Ukunda, kilomita kama 30 kusini, utawakuta Skydive Diani. Ndege ndogo hupanda futi 10,000 na zaidi, na watu hushukia mchangani karibu na wanaokula samaki. Juu ya Kisiwa chenyewe hakuna pa kushukia; paa zimebanana, nyaya zimetanda, na ndege za uwanja wa Moi ziko jirani mno. Hata ufuo wa Diani una masharti yake. Bamvua ikijaa, mchanga hubaki ukanda mwembamba, na kusi ikichachamaa katikati ya mwaka huwezi kujishukia kama unayeteremka ngazi. Anayetua hapo ana mengi ya kutazama kabla hajakumbuka kwamba kichwani ana kamera.

Wengi waendao Diani ni abiria. Umefungwa mgongo wako kwa kifua cha mwalimu, parachuti ni lake, uamuzi ni wake. Wewe usisumbuke kununua chochote. Karibu kokote duniani desturi ni kwamba abiria wa namna hii haruhusiwi kuvaa kamera yake, na sababu si uchoyo wa kuuza video: mwalimu hataki kitu asichokijua kikae sentimita chache kutoka kidevuni mwake wakati kamba zinafunguka. Picha hupigwa kwa kamera ndogo iliyo kwenye kifundo cha mkono wa mwalimu, au na mrukaji wa tatu anayeanguka pembeni yenu akiwa na kamera kichwani. Ile ya mkononi inakuonyesha mashavu yako yakipepea na bahari nyuma. Ile ya mrukaji wa tatu inakuonyesha wewe, mwalimu, ndege inayoondoka na mstari mweupe wa mwamba wa matumbawe, yaani inaonyesha ulikuwa wapi. Kama mkoba unaruhusu, ya pili ina thamani zaidi. Anayeipiga ndiye makala haya yanamhusu, pamoja na kila mwanafunzi anayetamani kuwa kama yeye.

Turudi kwenye kamba. Kamba za parachuti ni nyembamba, hazifiki milimita 3, lakini zimesokotwa zisikatike. Parachuti linapotoka mgongoni, kamba hupita karibu na kichwa. Mwili ukiwa umelala sawasawa, zinapita salama. Mwili ukiwa umebinuka, au kamba zikifunguka huku zimejisokota, mojawapo inaweza kujitia chini ya kamera kama mshipi chini ya jiwe. Hapo balaa huja kwa hatua mbili. Kwanza shingo inavutwa upande mmoja na nguvu iliyokusudiwa kubebwa na mabega na mapaja. Pili, parachuti likiharibika, dawa yake ni kuliachia liende zake na kufungua la akiba. Lakini lililonasa kichwani haliendi popote. Umeshaliachia mabegani, limebaki kichwani, na la akiba linafunguka kuingia katikati ya vurugu hiyo.

Ndiyo maana kuna njia mbili za kujiokoa, na warukaji hawajaacha kubishana kuhusu ipi ni bora. Njia ya kwanza ni helmeti yenyewe iweze kuvuliwa kwa mkono mmoja, kwa kuvuta kipande kimoja kinachofungua mkanda wa kidevuni. Unapoteza helmeti na kamera, unabaki na kichwa. Njia ya pili ni kitako kiwe dhaifu kwa makusudi, ili kikivutwa kwa nguvu kamera ing'oke na helmeti ibaki. Mimi naegemea ya kwanza. Kitako kilichopangwa kung'oka lazima king'oke kwa nguvu ya kiasi fulani kutoka upande wowote, na hilo ni gumu kulipima mezani. Mkanda unaofunguka unaweza kuujaribu sebuleni mara 50 ukiwa umefumba macho. Ila njia hii ina adui wake: helmeti zinazofunika uso mzima na kubana taya, zile ambazo vijana huziona za kisasa. Nyingi hazitoki kwa mkono mmoja. Anayetaka uso mzima na kamera pamoja aulize kwanza inavuliwaje, rangi ataiuliza baadaye.

Mahali pa kuiweka kamera pia si suala la sura. Juu ya utosi kamera inaona vizuri, haizibwi na bega, na uzito wake uko kwenye mstari wa uti wa mgongo. Lakini hapo ndipo pameinuka kuliko pote, yaani ndipo kamba inapokutana nayo kwanza. Ubavuni inakaa karibu na jicho, basi unachokiona ndicho inachokiona, ila uzito uko upande mmoja na parachuti likifunguka kichwa hupinda. Kidevuni haimsumbui mtu kwa uzito na picha yake ni tulivu, ndiyo sababu waendesha pikipiki wanaipenda. Mrukaji lakini anahitaji kuinamisha kichwa kuona vishikio vyake vya kifuani, na kamera ya kidevuni inaweza kuvizibia. Watengenezaji wanaofanya kazi hii tu, Cookie wa Australia, Tonfly wa Italia, Bonehead wa California, wamepata jibu moja: helmeti yenye uwanja bapa juu au ubavuni, na kitako chenye miteremko pande zote, kamera ikiwa imezama ndani yake kama kokwa. Kamba ikija inateleza. Kile kitako cha kawaida kinachokuja ndani ya boksi, chenye vidole vya plastiki na skrubu ndefu inayochomoza, kilibuniwa kwa ajili ya baiskeli na mawimbi. Kwa mtu anayepita katikati ya kamba ni ndoana.

Kuhusu uzito, zama zetu zina heri. GoPro ya kawaida ina gramu 150 na ushei. Parachuti likifunguka kwa upole hukuvuta kwa nguvu kama mara 3 au 4 za uzito wako, basi kamera hiyo kwa muda huo ina uzito wa nusu kilo hivi, na shingo inavumilia. Wapiga picha wa miaka ya 1990 walibeba kamera ya video pamoja na ya picha za mnato, jumla kilo 2. Zidisha kwa 4 uone walichokuwa wanakisikia mara 6 au 8 kwa siku. Mazoea yao yamebaki hata kwenye kamera nyepesi, na ni mazoea mema: parachuti linapofunguka usigeuze kichwa kulitazama, tazama mbele, shingo imenyooka, mpaka mvuto uishe.

Upepo nao una hesabu yake. Anayeanguka kifudifudi hufika kasi ya kilomita 190 hadi 200 kwa saa. Kamera yenye uso wa sentimita 7 kwa 5, ikisimama wazi kwa kasi hiyo, inasukumwa kwa nguvu ya kama nusu kilo, bila kupumzika, kwa muda wote wa kuanguka. Kwenye bodaboda ya kilomita 50 kwa saa barabarani Nyali msukumo huo hushuka mara 16, ukawa haufiki hata uzito wa yai la kuku. Hiyo ndiyo tofauti ya kazi mbili zinazofanana kwa mbali. Gundi iliyoridhisha kwenye pikipiki mwaka mzima haijathibitisha lolote kuhusu anga.

Na gundi Mombasa ina shida zake. Vitako vingi hushikwa na ile tepu nene ya gundi pande mbili. Ni nzuri kweli, ila ina adabu zake: ganda lisafishwe kwa spiriti, likauke, kitako kikandamizwe, halafu helmeti iachwe. Baada ya dakika 20 tepu imeshika nusu tu ya nguvu zake. Baada ya saa 24 imefika asilimia 90. Kamili ni saa 72. Sisi tunabandika alfajiri tukiwa kwenye foleni ya feri. Ongeza chumvi ya hewani ambayo hapa hujipaka kwenye kila kitu, ukiacha kioo leo kesho kina utando, na ongeza jasho la vidole vyetu. Fundi alipobandua kamera ya yule kijana, tepu ilitoka nzima, safi, kama stika ya tunda, na chini yake kidole kilikuta utelezi wa mafuta ya nywele.

Sasa picha. Lenzi pana inachukua kila kitu na kukipinda. Upeo wa bahari wa Diani unakuwa upinde na uso wa rafiki aliye mita 2 unakuwa pua. Punguza upana kidogo. Fremu 60 kwa sekunde zinatosha na zinakuruhusu kupunguza mwendo baadaye, kwa sababu kuanguka kutoka futi 10,000 hadi 5,000 ni sekunde kama 30 tu. Kutuliza picha kwa programu sasa ni jambo la kawaida. Betri si hoja kwa mruko wa dakika chache, ila kumbuka kwamba ndege hupanda polepole na wengi huwasha kamera ardhini wakasahau. Jambo linalowakamata wageni wa pwani ni ukungu: chini kuna nyuzi 31 na hewa imelowa, juu kuna nyuzi 11 hivi, lenzi inapoa, kisha unashuka nayo kwenye mvuke. Video ya kuanguka inatoka safi, na ya kutua inaonekana kama imepigwa kupitia chandarua. Kifuniko cha nje kifungwe mahali pakavu, na kipande cha karatasi ya kunyonya unyevu kitiwe ndani. Toleo jipya likitoka, na hutoka mara kwa mara, usiache mbachao kwa msala upitao. Kitako ulichokizoea na kukijaribu kwa kamba kina thamani kuliko pikseli zilizoongezeka.

Limebaki swali la tatu, na nimeliacha makusudi kwa kuwa ndilo ambalo maduka hayaliuzi. Chama cha warukaji cha Marekani kinapendekeza mtu awe ameruka mara 200 kabla ya kubeba kamera. Kijana wetu alikuwa ameruka mara 37. Aliniambia kamera ni ndogo siku hizi, sheria ni ya wakati wa makamera makubwa. Ni hoja ya maana na wengi huitoa. Lakini idadi ile haikutokana na uzito. Mtu mwenye kamera ana kazi ya pili angani: anamfuata mwenzake, anafikiria fremu, anajiuliza kama taa nyekundu inawaka. Futi 1,000 hupita katika sekunde 5 na nusu. Wazo moja lililorefuka kidogo limemeza futi 2,000.

Historia ina ushahidi wa hili, tena si kwa wanafunzi. Carl Boenish, mhandisi wa Marekani aliyeacha kazi ya ofisini, alibeba kamera za filamu kwenye helmeti kupiga matukio ya angani ya sinema The Gypsy Moths ya 1969, wakati kila kitu kilitengenezwa kwa mkono: ganda, kitako, na kikodoleo cha duara mbele ya jicho cha kulengea. Karibu kila anachokifanya mpiga picha wa leo kimepitia mikononi mwake na wenzake. Miaka karibu 20 baadaye, Aprili 1988, huko North Carolina, mrukaji mwenye miruko zaidi ya 800 alitoka mlangoni mwa ndege kumpiga picha mwanafunzi na mwalimu wake. Kamera ilikuwa kwenye helmeti. Mashine ya kurekodia, nzito, ilikuwa kwenye mkoba wa mgongoni. Parachuti alikuwa ameliacha chini. Wengi wanaamini uzito ule wa mgongoni ndio uliomdanganya: mwili ulihisi kuna kitu mahali pa kitu, na akili ilikuwa kwenye kazi ya picha. Kanda ilipatikana.

Kamera za siku hizi haziwezi kumdanganya mtu kwa uzito. Zinamdanganya kwa wepesi, kwa kumwambia hakuna kilichoongezeka.

Bodaboda wa Mji wa Kale nao wamezipenda, wengine kwa ajili ya watalii, wengine wapate ushahidi wakigongwa. Sina neno na ushahidi. Nina neno na drili. Helmeti ya pikipiki ni ganda gumu juu ya povu linalokufa badala yako likipata kishindo. Ukitoboa ganda upitishe skrubu umeweka msumari unaoelekea kwenye fuvu. Helmeti nyingi za parachuti hutobolewa bila wasiwasi kwa sababu hazikutengenezwa kwa kishindo cha barabarani, bali kwa kugongana kwa magoti na kingo za milango ya ndege. Ufundi wa angani usihamishiwe barabarani. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva na abiria wake wavae helmeti. Ukishaitoboa sijui umevaa nini.

Kisha kuna watu. Angani kamera inawaona waliokubali kuwa pale. Kwenye mtaa wa Ndia Kuu inamwona mama aliyekaa kizingitini na kanga begani, watoto wa chuoni, mzee anayenawa kwa ajili ya sala, na kamera iliyo kichwani haina adabu ya kugeuka pembeni, kwa sababu inaelekea kokote unakotazama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 si ya karatasini tu. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi iliamriwa na Kamishna wa Ulinzi wa Data kulipa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Anayeuza video za matembezi ya Mji wa Kale anafanya biashara kama ile klabu, hata kama ofisi yake ni pikipiki.

Fundi alimaliza kazi kwa namna yake. Alikata kitako kile cha vidole, akachukua fibaglasi ileile wanayozibia mashua kule bandari ya kale, akaijenga mteremko pande zote nne, akaipiga msasa siku mbili. Akapitisha mshipi kutoka kisogoni, kulia, kushoto, mshazari. Ukateleza. Kijana akafurahi, akanyoosha mkono achukue kamera.

"Mia mbili umesema?" fundi alimuuliza.

"Ndivyo wanavyosema, ami."

Helmeti aliondoka nayo. Kila akirudi kutoka Diani humtumia fundi ujumbe wenye tarakimu tupu. Wa mwisho nilioonyeshwa ulikuwa 61. Kamera imo kwenye droo, pamoja na mshipi.